Ukoga wa Ngazi ya Bibi

Juzi nilimfukuza fundi. Kijana wa watu hakuwa na kosa. Nilimwita mwenyewe aje asafishe vitofali vya uani, maana tangu masika yaanze vimeota ukoga, ule utando wa kijani unaomfanya mtu mzima atembee kama anaibia. Akaja na brashi, viatu vya mpira na kidumu cheupe kisicho na maandishi. Kabla ya kufungua kidumu alikwangua kona moja kwa panga, kujaribu tu, na harufu ikapanda. Harufu ya ukoga mbichi uliokwanguliwa: udongo, maji baridi, na kitu kama mboga iliyosahaulika kwenye kikapu. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nikakiweka chini.

"Mama, hii ukimwaga leo, kesho kutwa hapa hapana kijani," akasema.

"Na maji yake yanakwenda wapi?"

"Si yanatoka nje, mtaroni."

"Na mtaro?"

Akanitazama kwa huruma. "Mtaro unakwenda mtoni, mama. Mitaro yote si inakwenda mtoni?"

Nikamwambia afunge kidumu chake. Akaniona sina akili timamu, na wala simlaumu, kwa sababu angejuaje kwamba wakati ule mimi sikuwa pale uani. Nilikuwa na miaka minane, niko kando ya Ziwa Nyasa, na vidole vyangu vilikuwa vya buluu.

Nilipelekwa kwa Bibi bila kuulizwa. Sisi tulikaa juu, Umatengoni, upande wa Namswea, kwenye baridi na kahawa na ukungu unaoingia mpaka jikoni. Bibi, mama yake baba, alikaa chini ziwani, kijiji kimoja kabla hujafika Liuli. Asubuhi ya safari nilivishwa sweta la mtumba lenye picha ya mnyama ambaye hakuna aliyemjua, Baba akafunga mzigo wangu kwa kamba ya katani, na Mama akasimama mlangoni. Nilipokimbia kumkumbatia akageuka ubavu. Akavuta khanga, akajifunika pua na mdomo, na mkono mwingine akaunyoosha mbele kunizuia nisimfikie. "Nenda, nenda," akasema ndani ya kitambaa, "gari litakuacha." Macho yake yalitazama pembeni.

Sasa, juma lile lile nilikuwa nimevunja chungu chake cha maharage. Chungu alichopewa na mama yake, cheusi, chenye mdomo mpana. Mtoto hesabu zake ni fupi. Nimevunja chungu, Mama ameziba pua kwa kunichukia, nimepakiwa kwenye lori na Baba mdogo, ninapelekwa mbali. Njia nzima ya mteremko, joto likizidi kila kona na masikio yakiziba, niliirudia hesabu hiyo na kila mara jibu likawa lile lile. Mama hanitaki tena.

Lori lilituacha ziwani, tukamalizia kwa mtumbwi. Bibi alinipokea kwa utani, maana hakuwa na namna nyingine ya kumpokea mtu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja kuninyang'anya mume? Umechelewa, nimeshamzika."

Mume huyo, babu yangu, alikuwa amemwachia nyumba juu ya mwinuko, na kutoka nyumbani mpaka majini aliacha ngazi pana ya mawe bapa. Aliyapanga mwenyewe moja moja mpaka yakawa kama sakafu inayoshuka. Mitumbwi ilifika chini pale. Barabara ya pwani siku hizo ilikuwa jina tu, kwa hiyo mgeni wa kweli alikuja kwa maji na kupanda ngazi ile. Chini, miamba mikubwa ilikuwa imekizungushia uzio kipande cha ziwa, kikabaki kidimbwi chenye mlango mwembamba, maji yake safi hata ungeweza kuhesabu kokoto. Nilizoea kulala kifudifudi kwenye jiwe la mwisho, kidevu kikigusa maji, nikisikiliza ziwa likipumua kwenye nyufa za miamba. Siku ziliyeyuka pale. Mpaka leo sijui kama nilikaa kwa Bibi miezi mitano au saba.

Lakini ngazi ilikuwa ya kijani. Kutoka kilimani, kando yake, maji yalichuruzika mwaka mzima, kidogo kidogo, chini ya kivuli cha mikuyu, yakalowesha mawe. Kila asubuhi, jua likishaivuka milima na kuyagusa mawe, Bibi alishuka na magunzi ya mahindi, mchanga mkavu na beseni bovu. Alimwaga mchanga juu ya jiwe, akasugua kwa gunzi mpaka ukoga ukajikunja, kisha akaukusanya wote kwa mkono. Wote, hata vijiuzi. Beseni likijaa tulilipandisha juu migombani. Kusukumia chini majini lilikuwa jambo la dakika moja, na siku ya kwanza nilifanya hivyo. Nilichapwa kiganja.

"Huko chini kuna watu," akasema Bibi.

Nikaamini kuna watu. Kwa muda mrefu niliwatafuta kwenye kidimbwi, nikitegemea kuona paa la nyumba.

Nilichokiona ni samaki. Walikuwako wengi, na konokono wamejishika kwenye miamba, lakini mmoja nilimjua kama unavyomjua jirani. Alikuwa gege jike, mpana wa kiganja cha Bibi, mwenye kovu kwenye pezi. Kila siku alikaa pale pale, kwenye mchanga kati ya mawe mawili, na mbele yake vilielea vitoto vidogo kama mbegu za mchicha zilizopata macho. Siku moja nikainama kuvitazama, kivuli changu kikaanguka juu ya maji. Vitoto vikakusanyika mara moja, gege akafungua mdomo, vikaingia vyote. Akafunga.

Niliruka nikapiga kelele. "Bibi! Anakula watoto wake!" Nikaokota jiwe nikamtupia. Nikamtupia na la pili, nikimtukana kwa Kimatengo ili asielewe mtu.

Bibi alikuwa anasugua, hakuinua hata uso. "Mwache huyo. Ana kazi."

Kazi! Nilimchukia yule samaki kuliko kitu chochote duniani, na kila siku nilirudi kumtazama. Kuna mama wa namna hiyo, nikajiambia, hata ziwani wapo.

Baba mdogo, mdogo wake baba, alikuja kila baada ya juma moja au mawili. Wenzangu wa rika langu mtaukumbuka wakati ule, biashara ilipofunguliwa na kila mwenye baiskeli akawa mfanyabiashara. Zamani dawa ya kahawa ilikuja kwa ushirika, na bwana shamba akaeleza. Ghafla ushirika ukanyamaza, dawa ikawa inauzwa kama njugu. Baba mdogo alishuka ziwani kununua usipa wakavu, dagaa wa ziwa lile, akapanda nao milimani, na humo njiani aliuza sabuni, viberiti, na mrututu, ile chumvi ya buluu ya kunyunyizia kahawa, anaipima kwa kijiko na kuifunga kwenye karatasi ya daftari. Aliiweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Mrututu niliujua. Kwetu, jani la kahawa likitoka madoa, Baba alichanganya mrututu na chokaa, akanyunyizia, na mti ukapona. Ilikuwa dawa, na dawa ni kitu kizuri.

Siku hiyo, kabla hajatua mzigo, akasema, "Mama, shemeji anaendelea vizuri. Anasema kabla mvua hazijakolea atakuja kumwona mtoto."

Nikasogea nisikie vizuri. Bibi aliitazama ngazi.

"Atapita wapi? Mtu ametoka kitandani, miguu imekuwa mabua. Ateleze hapa avunjike kiuno, halafu mimi nimweleze nini mwanangu?"

Baba mdogo akacheka. "Basi asije mpaka mawe yakauke."

Yeye alitania. Mimi nilisikia hukumu. Kumbe ni mawe tu! Mawe yakiwa makavu Mama anakuja, yakiwa ya kijani haji. Na niliiona kasi ya Bibi: anaanza chini, anamaliza juu, akigeuka kule chini kumeshaota tena. Kwa mwendo ule Mama angenikuta nimeolewa.

Alasiri Bibi alikwenda kanisani kwenye kikao cha akina mama. Baba mdogo alikula ugali, akajilaza kwenye mkeka, kofia usoni. Kopo lilikuwa ndani ya mfuko wake, kandokando ya mguu. Nililitoa bila kuhema. Nikachanganya mrututu wote kwenye beseni la maji, nikakoroga kwa mkono, na ile rangi ilipofunguka nilisahau hata woga. Sijawahi kuona buluu ya namna ile. Ilikuwa rangi ya ziwa lenyewe saa nne asubuhi, na nikawaza, kwa akili yangu yote ya miaka minane, kwamba ziwa halitadhurika, maana hii ni sehemu yake. Ikishuka itakuwa imerudi nyumbani. Nikasimama kwenye jiwe la juu kabisa, nikamwaga. Nikafuatia ndoo mbili za maji ili dawa iingie vizuri. Buluu ikateremka jiwe kwa jiwe, polepole, ikipita katikati ya kijani, na jua likiipiga. Ilipofika kwenye kidimbwi ikatulia.

Nililala nikiwa na furaha. Niliota Mama anapanda ngazi bila viatu.

Asubuhi tulishuka pamoja, Bibi mbele na ndoo, mimi nyuma na magunzi. Ukoga ulikuwa umeanza kuwa mweusi pembezoni. Nikasubiri Bibi ashangae. Alishangaa, lakini si kwa jambo hilo. Alifika jiwe la mwisho, akasimama, na ndoo ikamtoka mkononi.

Konokono wote walikuwa wameachia miamba, wamelala chini midomo wazi. Samaki wadogo walielea ubavu, weupe, wengi mno, wakigongana na mawe kila ziwa lilipopumua. Hakukuwa na sauti. Bibi aliinama akagusa ufa wa jiwe, akatoka na chembe ya buluu kwenye ukucha. Kisha akashika mkono wangu, akavifungua vidole vyangu kimoja kimoja, akavitazama.

Nilingoja kofi. Halikuja.

"Kalete beseni jipya," akasema. "Na maji ya mtungini, yale ya ndani. Kimbia."

Niliporudi alikuwa ameingia majini mpaka magotini, khanga imefungwa kiunoni. Kati ya yale mawe mawili, gege mwenye kovu alikuwa bado hai. Aliegemea jiwe, matamvua yanapanda na kushuka haraka haraka, mdomo umefungwa. Kila samaki mwingine aliyekuwa anakufa aliachama akitafuta hewa. Yeye alifunga. Bibi akamchota kwa viganja viwili, akamweka kwenye maji safi ya beseni, akamkandakanda mashavu kwa kidole gumba, taratibu, kama anayemwogesha mtoto mchanga.

Mdomo ukafunguka. Vikatoka vile vitoto. Kwanza vitatu, halafu kundi zima, vinatetemeka, vinaogelea. Vingine vilizama, lakini vingi vilikuwa hai.

"Alikuwa amevila," nikasema.

"Amevila?" Bibi akanigeukia, na hapo ndipo nilipoona machozi yake. "Mtoto wewe! Huyu hajala sijui siku ngapi. Akiwa nao mdomoni hali kitu. Angefungua mdomo ale, au aheme vizuri, wangetoka wakafa. Kwa hiyo amefunga."

Gege alikufa humo humo ndani ya beseni, vitoto vikimzunguka. Bibi akamtoa, akamlaza juu ya jiwe. Tukabeba beseni tukapita nyuma ya miamba mpaka ufuko wa pili, kwenye maji yasiyoguswa, tukalizamisha polepole mpaka vitoto vikatoka vyenyewe. Vilikaa karibu na miguu ya Bibi muda mrefu, havijui pa kwenda.

Hapo nikauliza. Sijui neno lilitoka wapi. Nikasema, "Bibi, Mama naye aliziba mdomo. Siku ninaondoka. Aliziba kwa khanga, akanisukuma."

Bibi alikaa chini mchangani, nguo zimelowa. "Hawakukwambia?"

Nikatikisa kichwa.

"Watu wazima nao ni wapumbavu," akasema. "Mama yako anaumwa kifua. Kikohozi kile kinarukia watoto, mmoja akikohoa mwingine anaokota. Anachomwa sindano kila siku. Alikuleta kwangu ili usiokote. Aliziba mdomo ili usiokote, unasikia?"

Nilisikia. Nililia mpaka nikatapika, na sikulilia Mama peke yake. Nilimlilia yule gege niliyemtupia mawe. Mpaka leo nikimkumbuka ninamwomba radhi.

Tuliporudi, akina mama wa jirani walikuwa wanashuka na ndoo. Pale ndipo wote walipochota maji ya kunywa. Bibi akasimama katikati ya njia.

"Msichote hapa. Nendeni ufuko wa pili, mpaka niwaambie. Samaki hao msiokote hata mmoja. Nimemwaga dawa ya kahawa kwenye mawe."

"Wewe, Mama mkubwa?" mmoja akasema. "Na uzee wote huo? Unataka kutuua?"

"Ujinga hauna umri. Nisameheni."

Walimsema. Walimsema vibaya, yeye ambaye kwa miaka yote hakuruhusu hata kijiuzi cha ukoga kishuke majini. Nilifungua mdomo niseme ni mimi, na wayo wa Bibi ukanikanyaga mguu, ukabaki pale pale, mzito, mpaka mwanamke wa mwisho alipoondoka. Baba mdogo yeye alipata sehemu yake faragha, na kopo lile halikuonekana tena nyumbani.

Ilibaki dawa kwenye nyufa za mawe, na mvua zilikuwa zinakuja. Zingeishusha yote. Hapo mimi, mharibifu, nikakumbuka kitu cha kwetu. Umatengoni milima imesimama wima, na wazee wetu waliizuia isiteremke kwa ngolo. Majani yanafyekwa, yanalazwa kwa mistari inayokatana mpaka kilima kinakuwa na miraba, unachimba katikati ya kila mraba na kufunika majani kwa udongo. Mvua ikija inakaa kwenye mashimo, inanywewa na ardhi. Nilikuwa nimemshika Mama khanga mara nyingi akichimba.

"Wamatengo na mashimo yenu," Bibi akasema. "Tunamzika nani?" Lakini alikwenda kuchukua jembe.

Tulichimba pande zote mbili za ngazi, na juu kabisa, pale maji yalipochuruzikia kutoka kilimani. Kisha tukasugua mawe yote kwa mchanga, tukazoa, na ule uchafu hatukuupeleka migombani. Bibi aliufukia kwenye shimo refu mbali na ziwa, akaweka jiwe juu. Mikuyu ikapunguzwa matawi. Bibi alipanda maharage kwenye matuta ya ngolo kwa kubeza tu, na yakaota. Nami nilijifunza jambo ambalo sikulitegemea: maji ya kilimani yalipokosa njia ya kupita kwenye mawe, mawe yalikauka yenyewe. Ukoga uliobaki ukawa kahawia, ukabanduka kwa vipande vikavu kama magamba ya ugali kwenye sufuria. Mvua za kwanza ziliponyesha nilikaa kwenye ngazi nikilowa, nikitazama mashimo yakijaa, na kidimbwi kikibaki safi. Siku nyingi baadaye, sijui ngapi, konokono mmoja alikuwa amejishika kwenye mwamba. Nilimwita Bibi kama nimeona meli.

Mama alikuja asubuhi yenye ukungu mwepesi juu ya maji. Mtumbwi uligusa jiwe la mwisho bila sauti. Alikuwa mwembamba, amevaa gauni ambalo sasa lilikuwa kubwa kwake, na alipanda peke yake, akikataa mkono wa mwenye mtumbwi. Hakuteleza hata mara moja. Mimi nilikuwa juu kabisa, karibu na Bibi, nimeishika khanga yake.

Katikati ya ngazi akasimama kupumua. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Jamani. Nani kachimba ngolo huku ziwani?"

"Muulize mwanao," Bibi akasema.

"Zimepinda," akasema Mama, akacheka. Khanga yake ilikuwa begani. Alicheka mdomo wazi, meno yote, na sikuwa nimeuona mdomo ule tangu asubuhi ile ya lori. "Njoo basi. Siku hizi naruhusiwa."

Nikashuka. Nilishuka jiwe kwa jiwe, na nilipomfikia akaninusa kichwani, mashavuni, shingoni, kwa pupa, kama mwenye njaa. Alinukia sabuni na moshi wa nyumbani. Nilikuwa na neno moja nililolibeba kutoka juu mpaka chini na miezi yote ile, na nikaona nilitue pale pale kabla sijapoteza ujasiri.

"Mama, nisamehe. Nilivunja chungu chako."

Akanishika mabega, akanitazama usoni, anatafuta kichwani mwake, hapati.

"Chungu gani?" akasema.